Dawa ya Mitungi ya Shaba

Alhamisi asubuhi, Mosoti alipoinama mlangoni kuvaa gambuti za kazi, Phelis aliona macho ya mumewe yamekuwa ya njano kama majani ya chai iliyonyimwa mbolea. Alidhani ni mwanga wa nyumba. Akamtoa nje, uani, mahali ambapo jua la saa moja lilikuwa limeanza kugusa mabati ya kambi ya wafanyakazi, akamshika kidevu na kumgeuza uso huku na huku. Nje macho yalikuwa ya njano kuliko ndani.

Alimuuliza kama amekojoa. Mosoti akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa deni la zamani, akasema amekojoa jana mchana, kidogo tu, na mkojo ulikuwa mweusi kama strungi, chai isiyotiwa maziwa.

"Hauendi kazi," Phelis akamwambia. "Vua hizo gambuti."

"Joram ataweka mtu mwingine."

"Aweke."

Hakuvua. Aliketi tu kizingitini na gambuti moja mguuni, na hapo ndipo Phelis alipojua mambo yameharibika, maana Mosoti hakuwa mtu wa kuketi wakati king'ora cha kiwanda kinalia.

Mambo yalianza Jumanne. Kwenye ukuta wa chumba cha kukaushia majani kulikuwa na mitungi kumi na minane ya shaba, midogo, ya kushika mkononi na kupiga kama pampu ya baiskeli. Wazungu waliitundika kabla ya uhuru ili izime moto. Mitungi mipya myekundu ilipokuja ikatundikwa kando yake, ile ya shaba ilibaki kwa sababu hakuna aliyeagizwa aiondoe. Sasa meneja alikuwa amejenga baa ya wageni kule klabu, wale wageni wanaolipa kutembezwa mashambani na kuonja chai kwa vikombe vya kidoli, na mtu fulani alimwambia mitungi ile iking'arishwa itapendeza sana ukutani nyuma ya chupa. Basi Mosoti na mdogo wake Omosa, vibarua wa stoo wote wawili, wakaagizwa kumwaga dawa iliyokuwa ndani, kuiosha mitungi, na kuisugua hadi mtu ajione uso.

Hawakupewa glavu. Hawakuambiwa jina la dawa. Joram, msimamizi wa stoo, alisema ni dawa ya moto ya zamani, imekwisha nguvu, waimwage mtaroni. Walifanyia kazi stoo mlango umefungwa, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga. Vishikio vya kupampu vilikuwa vimeganda. Mosoti akafanya kama anavyofanya akitoa petroli kwenye pikipiki ya mdogo wake: akaingiza mpira, akavuta kwa mdomo, akaelekeza kwenye ndoo. Mtungi wa tano ulimuwahi. Fundo zima likashuka kooni. Omosa alicheka, akamwambia sasa hata tumbo likishika moto halina wasiwasi.

Jioni Joram akawapa pakiti mbili mbili za maziwa.

Maziwa hayo yana habari yake. Kwenye kambi zile, anayeshika dawa yoyote, ya magugu, ya panya, ya kuoshea mashine, hupewa pakiti ya maziwa akitoka. Hiyo ndiyo barakoa yake, hiyo ndiyo glavu yake, hiyo ndiyo bima yake. Mwaka wa mvua za El Niño watu wa kupuliza dawa waligoma wakitaka barakoa, wakaongezewa pakiti ya pili, mgomo ukaisha, na hadi leo wapo wazee wanaojisifia ushindi ule. Mtoto wa kambini anajua kwamba maziwa hufukuza sumu kabla hajajua kuandika jina lake. Na kwa kawaida baba hayanywi. Anayaleta nyumbani, yanaingia kwenye chai ya watoto, na baba analala na sumu yake.

Jumanne hiyo Phelis hakuyatia kwenye chai ya Kerubo na wadogo zake. Mosoti aliingia ameshika ukuta, akatapika mara tatu kwenye karai, na pumzi yake ikawa na harufu tamu, kama ya dawa ya kusafishia makoti mjini, harufu nzuri kabisa ambayo haikuwa na haki ya kutoka kinywani mwa mtu. Phelis akawasha jiko, akapasha pakiti zote mbili. Mosoti alikataa, tumbo halitaki. Phelis akaketi kando yake, akamshika kidevu kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, akamnywesha kama ndama aliyefiwa na mama. Asubuhi ya Jumatano akaenda kwa Bosire, jirani mwenye ng'ombe, akaomba lita moja ya maziwa mabichi yaliyo na mafuta juu, akamnywesha hayo pia. Na Jumatano Mosoti akapona. Alicheka, alikula, alienda kazini kumalizia mitungi. Phelis akamwambia mke wa Bosire kwamba kama si maziwa, angekuwa mjane.

*

Hospitalini waliketi kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa sita. Mongina, mama yake Mosoti, alikuwa amefika kutoka ng'ambo ya Chepilat na kikapu cha ndizi, akaketi katikati ya mwanawe na mkaza mwana, ameshika mkono wa mwanawe tu.

Daktari aliyewaona alikuwa mwanamke kijana aitwaye Akeyo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimlaza Mosoti kitandani, akamgusa chini ya mbavu za kulia, Mosoti akaruka. Akauliza anakunywa pombe gani, na kwa siku ni kiasi gani. Alikuwa ameshaandika jibu kabla ya kuuliza.

Mongina alilisoma neno lile kwenye kadi, maana neno pombe kwa Kiingereza limebandikwa kila duka la vijijini. Alisimama polepole.

"Daktari," alisema, "huyu ni katekista. Jumapili iliyopita ndiye alisoma neno. Sijawahi kuchukua huyu kwa mtaro, hata siku moja. Uliza kwanza, alafu uandike."

Akeyo akamwangalia mama yule, kisha akamwangalia Mosoti, na safari hii aliuliza vizuri. Mosoti akamweleza juu ya mitungi, mpira, na fundo. Daktari akainama akanusa koti la mgonjwa, lile la kazini, ambalo baada ya siku mbili lilikuwa bado linanukia utamu ule. Alilikata neno kwenye kadi kwa mstari mmoja wa kalamu. Neno likabaki linasomeka.

Alimvuta Phelis dirishani. Hakumficha. Ini limepigwa, alisema, na figo zinafunga. Kuna dawa ya kuokoa ini ambayo angeweza kumwanzishia, lakini aina za sumu ni nyingi na hawezi kumtibu kwa kubahatisha. Dawa za moto si moja. Kuna za povu, kuna za unga, kuna za maji, na nyingine za zamani zilishapigwa marufuku.

"Hiyo kitu lazima ilikuja na karatasi," alisema. "Imeandikwa ni nini, inashikwa namna gani, na mtu akimeza afanyiwe nini. Niletee jina. Niletee kila kitu kimeandikwa. Na iwe leo, mama, kesho ni mbali."

*

Omosa alimbeba Phelis kwa pikipiki hadi geti la kiwanda, yeye akabaki barabarani, kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa ya msiba ambao haukuwepo na hakutaka kuonekana. Askari wa geti alimfahamu Phelis. Kila wiki askari huyo alinunua mboga ya sukuma wiki kwake kambini. Leo alimwambia asimame kando ya mstari mweupe kama wageni wengine.

Baada ya nusu saa Joram alitoka. Hakumkaribisha ndani. Alizungumza naye akiwa upande wake wa mnyororo, kwa sauti ya mtu anayeongea na mteja aliyerudisha bidhaa. Alisikitika sana kuhusu Mosoti. Mosoti ni mfanyakazi mzuri. Lakini karatasi za usalama ni mali ya kampuni, na kuzitoa kunahitaji barua ya zahanati ya kambi.

Phelis alikwenda zahanati. Nesi wa zahanati akasema hawezi kuandika barua kabla ya kupata fomu ya ajali iliyojazwa na msimamizi. Phelis akarudi getini. Joram akasema hawezi kujaza fomu ya ajali, kwa sababu haikuwa ajali.

"Ilikuwa nini?" Phelis akauliza.

"Mama, mimi nilimwambia amwage. Sikumwambia aweke mdomo. Wewe umeshasikia mtu ametumwa kumwaga maji machafu akayanywa?"

Askari wa geti akacheka kidogo, kisha akakumbuka na kuacha.

"Uliwapa maziwa," Phelis akasema. "Kama haikuwa sumu, maziwa ilikuwa ya nini?"

Joram alisema maziwa ni moyo mzuri wa kampuni, wala si ushahidi wa kitu chochote, akageuka akaenda zake.

Wanaokaa kambini kwa muda mrefu wana hesabu yao ya watu. Wanamkumbuka mwanamke ambaye mkanda wa mashine ulimwachia vidole viwili, akaambiwa nywele zake ndizo zilimponza. Wanamkumbuka mzee wa boila aliyekohoa miaka sita, akazikwa na karatasi inayosema ni sigara, na hakuwahi kuvuta sigara maishani. Hakuna aliyewahi kuumizwa na kiwanda kile. Wote walijiumiza wenyewe, mmoja mmoja, kwa miaka sitini.

Phelis hakuondoka. Alizunguka ua kwa nyuma, kwenye rundo la kuni za boila, ambapo makarani wa kike huja kuosha vyombo vyao kwenye bomba. Huko akamkuta Jecinta, karani wa ofisi ya usalama, mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kufungua duka Kapkatet. Alijua tayari. Ofisi nzima ilijua. Alisema faili iko, imekaa kwenye kabati ya chuma tangu yeye aajiriwe. Mara mbili alimwandikia mkubwa wake kwamba ile mitungi itolewe na watu wenye vifaa, na mara mbili barua ilirudi na alama ya kwamba imesomwa, basi.

Phelis akamwomba aipige picha ile faili kwa simu. Jecinta akatikisa kichwa. Simu huachwa kwenye sanduku la mapokezi, na mashine ya kutoa nakala inahesabu kila karatasi. Akamwambia aje kesho, mkubwa atakuwa Nairobi.

"Kesho nitakuja kukualika matanga," Phelis akasema.

Jecinta aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha kuwa safi. Kisha akasema angoje hapo hapo kwenye kuni, asijionyeshe.

Ilikuwa saa nane. Phelis alingoja hadi saa kumi. Mvua ya kila siku ikaja ikampiga, ikapita. Kwenye mtaro chini yake maji yalikuwa yakienda kama kawaida kuelekea kwenye kijito ambacho kambi nzima huteka, na aliyatazama akajaribu kukumbuka Jumanne aliteka saa ngapi. Mara mbili alidhani ananusa ule utamu. Mara ya pili alinusa mikono yake mwenyewe.

Jecinta alipokuja alikuwa na ndoo ya takataka. Chini ya takataka kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imejaa mwandiko wa haraka pande zote mbili.

"Nimetoa kwa Kiingereza nikaandika Kiswahili, jina nimeacha vile lilivyo," alisema, macho yake yakiwa kwenye jengo. "Nimeandika yote, Mama Kerubo. Singeweza kuruka moja. Ukifika mwisho, tafadhali usinichukie."

*

Phelis aliisoma barabarani, amesimama kando ya pikipiki, Omosa akichungulia begani.

Juu kabisa kulikuwa na jina la dawa, refu, la Kiingereza. Chini yake Jecinta alikuwa ameandika hivi: Ishikwe mahali penye hewa nyingi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Isikaribie moto wala chuma kilicho moto, hutoa gesi ya kuua. Vaa glavu na kifaa cha kupumulia. Usiimwage ardhini wala kwenye maji. Usiivute kwa mdomo. Aliyeimeza apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akionekana amepona, kwa sababu siku ya pili mgonjwa huonekana amepona.

Na mwisho: Asipewe maziwa, wala mafuta, wala pombe. Vitu hivi huisaidia sumu kuingia mwilini.

Phelis alirudia mstari huo. Akaurudia tena. Gari la kubeba majani likapita, wachumaji wakamsalimia kutoka juu, na hakujua kama aliitikia. Aliona kikombe. Aliona vidole vyake mwenyewe kwenye kidevu cha Mosoti, vinakaza, na kinywa kinafunguka. Aliliona lile tabaka la mafuta ya maziwa ya Bosire likielea juu, jinsi alivyolifurahia.

Omosa naye alikuwa amefika chini. Alitema mate, akasema taratibu, "Shemeji, jina iko hapa juu. Daktari aliitisha jina."

"Alisema kila kitu."

"Hiyo ya mwisho inamsaidia na nini? Maziwa ishaingia. Mathe yetu akisikia umemlisha hiyo kitu, na uko naye hapo kwa bed, unajua vile itakuwa. Na Joram akisikia je? Atasema ni bibi yake alimuua, kampuni iko safi. Tunakata tu hapa, ni karatasi ya mkono, nani atajua?"

Alikuwa ameshaishika ncha ya chini ya karatasi kwa vidole viwili. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeshika ndoo Jumanne, yeye ndiye aliyecheka, na tangu wakati huo hajamaliza sahani ya chakula. Phelis alimtazama vidole. Karatasi ilikuwa nyembamba, imelowa kidogo, ingekatika bila hata sauti. Na kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima, alimwacha aishike.

Halafu akamuuliza, "Na kama hiyo ndiyo inaonyesha imeingia kiasi gani?"

Omosa akaachilia.

*

Walimkuta Akeyo kando ya kitanda, anaandika. Mongina alikuwa ameketi kwenye kiti pekee. Mosoti alikuwa macho, ngozi imefuata macho sasa, ya njano hadi kwenye kucha. Mfuko wa mkojo uliotundikwa kitandani ulikuwa mtupu.

Daktari alisoma jina, akafumba macho kidogo. Alimwambia nesi akalete dawa ile wanayowapa waliomeza vidonge vingi vya maumivu, aianze sasa hivi, na wampigie simu mtu wa gari la wagonjwa. Kisha akaendelea kusoma hadi chini. Akawageukia.

"Kuna chochote kati ya hivi alipewa? Pombe, mafuta, maziwa?"

"Pombe nimekwambia hapana," Mongina akasema.

Phelis alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Mosoti alikuwa anamwangalia yeye, si daktari.

"Maziwa," akasema. "Jumanne pakiti mbili, zile za kiwanda. Jumatano lita moja ya ng'ombe. Hakutaka. Mimi nilimshika nikamnywesha."

Akeyo aliandika viasi, akaongeza namba fulani kwenye kipimo cha dawa, akatoka haraka kwenda kwenye simu. Kwenye ukurasa, sehemu ya historia ya mgonjwa, alikuwa ameandika: maziwa, kwa desturi ya mahali pa kazi. Lakini Mongina hakuusoma ukurasa huo. Mongina alikuwa amechukua kikapu chake akakihamishia upande wa pili wa kitanda, ukutani, na kiti akakiacha wazi. Phelis hakuketi juu yake.

*

Mosoti hakufa. Kwa wiki tatu damu yake ilipitishwa kwenye mashine ikioshwa, na wiki ya nne akakojoa, na Omosa akapiga simu kambi nzima kutangaza mkojo wa kaka yake kama mtu aliyepata mtoto. Kiwanda kilimwondoa kwenye orodha kwa kukosekana kazini. Jecinta alihamishwa kwenye mizani ya majani, shambani, kwenye mvua. Mitungi kumi na minane imetundikwa kule baa, inang'aa vizuri, wageni hupigwa picha nayo, na vibarua wa kupuliza dawa bado wanapanga foleni jioni wakinyoosha mkono kwa pakiti yao, kwa sababu kila alichowaeleza Phelis walikisikia, wakaitikia, na kesho yake walikuwa bado na watoto wanaotaka chai.

Mongina alikuja kuwaona mwezi wa tatu tangu Mosoti augue. Walikuwa wamehamia chumba cha kukodi karibu na Kapkatet, nje ya kambi, Phelis akiuza mboga. Mosoti alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya mlango, shuka begani, mwembamba kama mtu aliyechorwa kwa makaa. Phelis alipika uji wa wimbi, akamimina vikombe viwili. Cha kwanza akampa Mosoti. Cha pili akakiinua, akakionja kidogo kwa midomo, akameza, akangoja, kisha akakitoa kwa mikono miwili kumpa mama mkwe.

Mongina hakupokea. Katika maisha yake yote hakuna mke wa mtoto aliyewahi kutia mdomo kwenye kikombe chake.

"Unanionjea, Mama Kerubo?"

Phelis alikitazama kikombe kana kwamba mtu mwingine amekiweka mikononi mwake. Akaomba msamaha, akasema hakukusudia, mkono umezoea kuonja cha Mosoti kwanza.

"Ni yeye amekuambia ufanye hivyo?"

"Hapana, mama. Hajawahi kusema kitu."

Mongina akageuka kumwangalia mwanawe pale mlangoni. Mosoti alikuwa ameshika kikombe chake kilichojaa hadi juu, mvuke unamwendea usoni, na alikuwa anangoja.